Lakiri Haikuguswa

Lusajo mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado. Saa hizi uko Ikinga unawaaga wajomba zako, na ukirudi jioni nyumba itakuwa imejaa wanakwaya na majirani waliokuja kukuombea safari, na hakuna atakayetuachia nafasi ya kuzungumza sisi wawili. Basi nimekuitikia mapema. Ni saa sita mchana, niko ofisini, mtandao wa forodha umekatika tangu asubuhi na foleni ya malori imerudi nyuma hadi kule Mpemba. Madereva wamejilaza chini ya matela yao. Sina la kufanya, kwa hiyo naandika.

Sitakuandikia mambo ya chandarua wala ya kufua soksi kabla hazijanuka. Hayo nimekwambia tangu uko darasa la tano na hukuyashika, sidhani utayashika kwa barua. Nataka kukuandikia juu ya ile fomu.

Uliiweka chini ya kopo la sukari wiki tatu zilizopita ukijua lazima nitaikuta. Nimeikuta. Kila asubuhi nainyanyua, najitilia sukari, naisoma, nairudisha. Ukurasa wa tatu, sehemu ya mzazi: "Nathibitisha kwamba mwombaji huyu amelelewa katika nyumba inayomwamini Mungu." Chini yake mstari wa sahihi. Uliwapigia simu watu wa chuo cha uchungaji ukawauliza kama mjomba anaweza kusaini, wakakwambia mzazi akiwa hai ni mzazi, na bila fomu hiyo hawakupokei getini. Basi lako linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Ninapoandika maneno haya mstari bado ni mtupu.

Juzi ulinikasirikia. Ulisema, "Mama, ni sahihi tu." Nikakwambia mimi sina sahihi ya "tu". Ukabamiza mlango, halafu ukarudi, ukaufungua, ukaufunga tena taratibu kwa adabu. Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini sikukueleza nilichomaanisha, na leo nataka nikueleze.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Mama ni wakala wa forodha, anashughulikia karatasi za mizigo ivuke mpaka kwenda Nakonde. Hukuwahi kuuliza karatasi zenyewe zinasema nini. Chini ya kila tamko la mzigo kuna neno hilohilo la kwenye fomu yako: nathibitisha. Nathibitisha kwamba kilichomo ni hiki, kimetoka pale, kinakwenda kule. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kuliko nilivyoliita jina lako. Na kwa miaka mingi niliandika bila kuona ndani, kwa sababu kontena limefungwa na mlangoni kuna lakiri, kile kidude cha chuma chenye namba ambacho ukikifungua kimekatika na hakiungiki tena. Namba ya lakiri ikilingana na ya kwenye karatasi, na lakiri yenyewe haijaguswa, basi ndani ni salama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Ulikuwa kidato cha pili lilipokuja lile lori la vitenge. Dereva mtu wa makamo, mpole, kila baada ya maneno mawili anamtaja Lesa, ndivyo wenzetu wa ng'ambo wanavyomwita Mungu. Karatasi zake zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kushika. Hakuna kilichofutwa, hakuna doa la chai, namba zote zinalingana. Lakiri nzima, inang'aa. Nikaandika nathibitisha. Upande wa pili wakafungua, wakakuta pumba. Kontena zima la pumba za mahindi. Huko njiani watu walifungua nati za bawaba, wakauondoa mlango mzima ukiwa bado umefungwa, wakatoa vitenge, wakajaza pumba, wakarudisha mlango na kupaka rangi juu ya nati. Lakiri haikuguswa. Ofisa mmoja mzee aliniambia bila hata kunionea huruma, "Mama, ulitazama kufuli. Hukutazama bawaba."

Unaukumbuka ule mwaka niliokaa nyumbani nikikwambia nipo likizo? Haikuwa likizo. Walinifungia leseni. Niliporudi kazini nikaanza kumwambia kila dereva neno moja, hata akiniapia kwa kaburi la baba yake: fungua. Ndipo wakanipachika lile jina ambalo hata wewe unanitania nalo, Mama Fungua.

Sasa wewe ukanijia na hoja za kwamba Mungu yupo.

Ulianza na ile ya mwanzo wa vitu. Tulikuwa tunachambua maharage. Ukasema, "Mama, kila mzigo una aliyeutuma, si ndiyo?" Nikasema ndiyo, nikijua unanitega. "Na aliyeutuma naye ana alikotoka, na huko kuna chanzo chake. Ukirudi nyuma, ukirudi nyuma, huwezi kurudi milele. Lazima ufike kwa mtumaji wa kwanza ambaye hakutumwa na mtu." Ulilisema vizuri, nikaona fahari, sikukuonyesha. Nikakuuliza, huyo wa kwanza karatasi zake ziko wapi? Ukasema yeye hahitaji karatasi, ndiyo maana ya kuwa wa kwanza. Nikakwambia, baba, nusu saa nzima umenieleza kwamba hakuna lori lisilo na karatasi, halafu unaniletea lori moja lisilo na karatasi unaniambia hili ndilo halali kuliko yote. Mimi lori la namna hiyo naliambia liegeshe pembeni. Ukacheka, lakini hukufurahi.

Kesho yake ukaja na methali. "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mfukoni ulikuwa na kahawa mbivu uliyoichuma kwa baba yako mkubwa kijijini Ruanda, ukaipasua kwa ukucha, ukanionyesha zile punje mbili zimelala ubapa kwa ubapa, kila moja na ngozi yake nyembamba. "Hii imejipanga yenyewe, mama?" Nikakwambia gogo nalo huelea na hakuna fundi aliyeliunda. Kisha nikakuuliza juu ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa ingali mbichi mtini, uliomfanya huyohuyo baba yako mkubwa asivune kitu mwaka juzi. Nao umepangika. Unajua msimu wake, unajua tunda la kuingia na la kuacha. Fundi wake ni nani? Ukasema hilo ni swali jingine. Mimi naona ni swali lilelile, ila limegeuzwa upande wa pili, na wewe ulikuwa hutaki kuugeuza.

Ile ya tatu ulinisomea kwenye simu. Kwamba Mungu ndiye mkamilifu kupita chochote kinachoweza kufikirika, na kilicho kikamilifu hakiwezi kupungukiwa na kuwepo, kwa hiyo yupo. Nilikuomba urudie mara mbili. Kila neno limefunga neno jingine, hakuna upenyo hata wa sindano. Nikalikumbuka lori la vitenge. Karatasi isiyo na doa la chai hunitoa jasho, Lusajo, sina namna. Nikakuacha na simu yako nikaenda kuanua nguo.

Na ile ya kwamba niamini tu, kama hayupo sijapoteza kitu, na kama yupo nimepona, hiyo siihesabu, na nakuomba usimwambie mtu huko uendako kwamba uliwahi kumpelekea mama yako. Kama Mungu yupo na anapokea imani ya namna hiyo, basi hana tofauti na wale maofisa wanaojua kufumba macho wakipewa kitu hapa mpakani.

Usidhani nakudharau. Nakuogopea. Una ulimi, na ninajua ulikotoka, maana umetoka kwangu. Najua unaweza kufanya nini. Hili ndilo ambalo sijawahi kukusimulia, na kama nisingekuwa nimekwama hapa bila mtandao huenda nisingelisimulia hata leo.

Ulikuwa na miaka miwili baba yako alipofariki. Unajua ni lori, unajua ni mteremko. Siku ya tatu ya msiba nyumba ilikuwa imejaa. Bibi yako, mama yangu, alikuwa amekuja kutoka Ikinga na amenishikia bakuli la uji, anataka ninywe hata vijiko viwili. Kila aliyeingia alisema lilelile linalosemwa misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Nililisikia kwa wanaume, nikalisikia kwa wanawake, nikalisikia kwa watu ambao hata sikuwajua. Halafu mama naye akalisema, kwa sauti ndogo, akinisogezea kijiko.

Nikamuuliza mbele ya watu wote. "Mama, lile lori lilipokuwa linakuja, Mungu alikuwa analiona au halioni?" Akasema analiona. "Alikuwa na nguvu za kulizuia au hana?" Akasema anazo. "Alimpenda mume wangu au hakumpenda?" Hapo akakirudisha kijiko ndani ya bakuli. Nikamwambia, "Chagua moja. Ama hakuona, ama hakuweza, ama hakutaka. Na ukishindwa kuchagua, neno hilo usiniletee tena ndani ya nyumba hii."

Bibi yako hakumaliza darasa la nne. Alibaki ameshika bakuli, watu wanamtazama. Akasema, "Sijui, mwanangu," akaenda kuliweka bakuli jikoni. Na mimi, Mungu anisamehe kama yupo wa kusamehe, nilijisikia vizuri. Mume wangu amelala kaburini siku ya pili, na mimi ndani yangu nasikia nimeshinda.

Alikaa nasi miaka kumi na moja baada ya hapo, akikulea wewe, mimi niko mpakani toka asubuhi mpaka giza. Kule Ikinga alikuwa mtu wa kuombea kila kitu. Aliombea hata jembe kabla ya kulipeleka shambani, sisi watoto tukimcheka. Hapa kwangu hakuomba tena kwa sauti. Ugali ukifika mezani alitulia kidogo, akanitazama, kisha akasema "karibuni". Alfajiri ndiyo alikuwa wa kwanza kuamka, maana maji ya mgao yanakuja saa ile. Nikimsikia anafungua mlango wa nyuma namuuliza nikiwa kitandani, "Mama, wapi?" Anajibu, "Nakwenda kuangalia maji." Ulipokua kidogo ukawa unamfuata. Nikiuliza, unajibu wewe, kwa kisauti chako, "Tunakwenda kuangalia maji." Nilidhani una mapenzi na maji.

Miaka kumi na moja. Nilidhani nimemfungua akili. Kumbe nilimfunga mdomo mama yangu, ndani ya nyumba alimokuwa akinipikia na kunifulia. Alifariki bila mimi kumwambia hata mara moja, mama, omba.

Sasa nataka ulifikirie hili, kwa kuwa wewe ndiye mwenye hoja. Swali langu la msibani lilikuwa halali. Nalirudia mpaka leo na sioni kosa lake. Huko uendako watakufundisha majibu yake, uniletee, nitayasoma moja moja ninavyosoma karatasi za mtu nisiyemjua. Lakini kama nilikuwa sahihi, kwa nini naona aibu? Nani ananishitaki? Waombolezaji walisema ni uchungu. Mama mwenyewe hakunilaumu, wala hakunikumbusha. Ulikuwa na hoja ya nne ambayo hukuimaliza, ile ya dhamiri, kwamba ndani ya mtu kuna sauti inayomhukumu hata pasipo shahidi, na sauti haiwezi kukosa mwenyewe. Nilikukatiza nikasema maharage yanaungua. Maharage hayakuwa yanaungua. Nilikukatiza kwa sababu hiyo inanifikia, na kinachonifikia nakishuku kuliko vyote. Huenda ni malezi tu. Huenda ni mama yangu anasema ndani yangu kwa kuwa nilimzuia kusema nje.

Utakuja kuvaa kola. Utaingia kwenye nyumba za misiba, na siku moja utamkuta mjane aliyekasirika kama nilivyokuwa mimi, anakuuliza swali langu. Utakuwa na majibu kichwani, manne, matano, yote safi. Nakuomba, Lusajo, siku hiyo usishinde.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ulikuwa unaanika mashati, nikakuuliza ulijifunzia wapi kuomba, maana kwangu hukujifunza, na kwaya umeingia juzijuzi tu. Ukasema, "Kwa bibi, nyuma ya tangi," ukaendelea kubana vibanio. Ulilisema kawaida kabisa, ukidhani najua. Sikujua. Na sikuuliza zaidi. Nimetembea na maneno hayo siku tano. Mama Fungua mzima, nikaogopa kusema fungua.

Mtandao bado haujarudi. Naiacha barua hapa, nakwenda nyumbani mara moja.

Nimerudi. Ni saa tisa na nusu.

Unajua nyuma ya tangi letu hapapiti mtu. Kuna uchochoro ule kati ya tangi na ukuta wa jirani, mabati ya zamani, ndoo isiyo na kitako. Nilipita kwa ubavu. Ukutani, chini ya ukingo wa bati ambako mvua haifiki, kuna msumari, na kwenye msumari limetundikwa gunia. Ni lile la katani la kuwekea kahawa, limekunjwa mara nne na kushonwa kingo zake kwa uzi mweusi. Gunia hilo nimeliona miaka yote. Nilidhani ni la kufunikia bomba wakati wa baridi. Nimeliona nikianika nguo, nimeliona nikigonga tangi kusikia kama limejaa, na sikuwahi kuligusa.

Nikalitungua. Katikati limechakaa mahali pawili, duara na duara, katani imekwisha kabisa mpaka unaona upande wa pili. Pembeni, mkono wa kushoto, kuna sehemu nyingine mbili ndogo. Hizo hazikutoboka, zimelainika tu. Nilichelewa kuelewa hizo ndogo ni za nani. Nilipoelewa nikakaa juu ya mabati.

Mlikuwa mnaangalia maji.

Miaka kumi na moja nyumba yangu ilikuwa imefungwa, namba zinalingana, Mungu hatajwi mezani, na mimi nathibitisha. Mama yangu akafungua bawaba. Akapitisha mzigo wote nyuma ya tangi, akakukabidhi wewe, akarudisha mlango mahali pake na kunitengea chai. Wala hakunidanganya, maana maji kweli aliyaangalia, na zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza. Nimelia, nakwambia wazi. Halafu nikacheka. Mwanamke asiyemaliza darasa la nne amenipitishia magendo miaka kumi na moja, na mimi ndiye ninayesifika mpakani kote kwa kukagua.

Usianze kushangilia. Gunia linathibitisha magoti. Halithibitishi kwamba kulikuwa na wa kusikiliza. Nakujua, utataka kulifanya hoja ya tano, utalisimulia kwenye mahubiri yako ya kwanza na watu watatoa leso. Nakukataza. Lile ni gunia la mama yangu, liache lilivyo.

Lakini fomu nimekuja nayo kutoka nyumbani, na nimeisoma tena, hapa mezani, neno kwa neno. Haikuniuliza kama Mungu yupo. Wiki tatu nimekuwa nagombana na swali ambalo hawakuliuliza. Wameuliza umelelewa wapi, na watu wa namna gani. Hilo nimelifungua leo, nimeliona kwa macho, nimelishika kwa mkono. Kwa hiyo nimeweka sahihi.

Nimerekebisha kidogo. Pale penye "katika nyumba inayomwamini Mungu" nimekata maneno "katika nyumba inayomwamini" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "nyuma ya nyumba, na bibi yake, aliyemwamini", na pembeni nikatia herufi za jina langu kama tunavyofanya tukisahihisha tamko. Sasa inasomeka kama ilivyotokea. Wakikuuliza maana yake, waeleze au usiwaeleze, shauri lako. Wakikurudisha getini kwa ajili ya mstari huo, nipigie, nitapanda basi nije niwaeleze mwenyewe, na najua hutaki nifike huko.

Fomu imo ndani ya bahasha hii, nitakayoiweka chini ya kopo la sukari, maana ukifika tu utaichungulia. Jioni wakija kukuombea nitakaa mlangoni kama kawaida yangu, na nitasema karibuni. Ila kabla ya chakula nitakugeukia wewe mbele ya watu wote na nitasema, Lusajo, omba. Nakuarifu mapema usije ukapigwa na butwaa ukaniaibisha. Uombe kwa sauti. Nimechelewa miaka mingi kulisema hilo, na niliyepaswa kumwambia hayupo, basi utalipokea wewe kwa niaba yake.

Lililobaki usiwaambie wajomba zako. Kabla sijatoka kule nyuma nililitandika gunia chini, nikapiga magoti juu yake. Nilitaka kupima tu. Yale matundu mawili makubwa yamekaa sawasawa na magoti yangu, hakuna hata kidole kilichozidi. Nilikaa hivyo muda, maji yanadondoka tangini, mashaka yangu yote ninayo. Kisha nikainuka, nikalikung'uta, nikalirudisha msumarini. Najua utaliomba uende nalo chuoni. Silitoi. Bado sijamaliza kulikagua.

Nilipokuwa najipenyeza kutoka, Mama Pendo akachungulia juu ya ukuta wake, akanikuta nina vumbi magotini. Akauliza kulikoni huko nyuma, jirani. Nikamwambia naangalia maji.

Mama yako